Mama Povu na Maana Sita

Mtu akiniambia Mama Povu hakusoma, damu inanichemka. Nimepiga pasi chini ya mkono wake miaka kumi na moja, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Najua ninachosema.

Alianza kwa kusugua kola kwa mikono, akapanda mpaka akakabidhiwa funguo za usimamizi. Halafu akaja meneja mpya na karatasi zake. Kila msimamizi afanye mtihani wa Kiingereza, atakayeshindwa arudi kukunja mashuka. Eti!

Mtihani ukafanyiwa ofisini kwake, ghorofani. Swali la kwanza: andika maana tano za kitenzi "run". Sisi wapiga pasi tulikuwa tunachungulia dirishani. Mama Povu akaandika moja, kukimbia, akaweka kalamu chini.

"Umekwama, mama?" meneja akauliza, anatabasamu.

"Sijakwama, mwanangu. Hizo nyingine ziko huko chini, chumba cha kufulia. Twende."

"Mtihani ni wa karatasi."

"Basi nipe sifuri yangu. Ila uje unipe mbele ya mashine zangu."

Kijana wa watu akaona haya, akashuka naye, sisi tukatangulia mbio kwenye pasi zetu. Hakujua kwamba Mama Povu hakujifunza Kiingereza darasani. Alikichukua kwenye vibandiko vya mashine na vikaratasi vya wageni, na kila neno alilisema akiwa ameshika kitu chake. Na sisi alitulazimisha hivyohivyo, tukimnunia.

Akafungulia bomba, maji yakatiririka. "Run." Akawasha mashine kubwa, ikanguruma. "Run." Akaloweka shati jekundu pamoja na kitambaa cheupe, rangi ikachuja, kitambaa kikaharibika. "Run. Hii ndiyo inayokuletea wageni ofisini wanafoka." Akainua soksi nyembamba ya mgeni, imefumuka kutoka pajani mpaka kisigino. "Run."

Meneja akaanza kurudi mlangoni. Mama Povu akamzibia njia.

"Bado. Hiki chumba nani anakiendesha?"

"Mama Povu!" tukapiga kelele, pasi zikiwa juu. Nilisikia raha, jamani, mpaka machozi yakanitoka.

"Hiyo nayo ni run. Uliomba tano, ukijumlisha na ile ya kukimbia zinakuwa sita. Ya sita nakupa bure."

Meneja akamnyooshea karatasi na kalamu. Mama Povu hakupokea. Funguo zilikuwa kiunoni mwake, na ziko hapo mpaka leo.

"Andika wewe, mwanangu," akasema. "Mimi mikono yangu ina maji."