Mkungu wa Nyongeza

Siku ya kwanza Magdalena alipoingia kwenye kihamba cha Remigius, shamba lake la urithi kule Kibosho, alitoka na mikungu kumi na miwili ya ndizi za mshare, bila nyongeza hata ya chana moja. Ilimuuma. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akinunua ndizi zikiwa bado juu ya mgomba na kuziteremsha soko la Mbuyuni, na hakuna mkulima, awe mlevi au katekista, aliyewahi kumwacha aondoke hivi hivi baada ya kukubaliana bei.

"Kaka yangu, kumi na miwili yote hii, huniongezei hata kale kadogo ka pale mferejini?"

"Kale bado kanasoma," Remigius akasema, panga begani. "Kakimaliza shule nitakuletea kadi."

"Na ule ulioegemea mti?"

"Ule ni mgonjwa. Kwetu wagonjwa hawauzwi."

"Mae! Mbona kule Uru napewa?"

"Basi si uende Uru, mama? Barabara iko palepale ulipoiacha."

Magdalena alicheka mpaka akashika kiuno. Mtu akikukubalia kila kitu, ujue bidhaa ina kasoro au mwenyewe ana shida. Anayekukatalia kwa maneno makali ni wa kurudiwa. Akawa anarudi kila baada ya wiki mbili, miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakupata nyongeza.

Siku hizo Remigius alikuwa bado anabisha.

Alikuwa kitinda mimba wa wanaume wanne. Wenzake watatu walishuka zamani, wawili Dar, mmoja Mwanza, na kila mmoja alijenga nyumba ya vigae humo humo kihambani, yenye geti la chuma, ya kulala siku kumi za Krismasi. Remigius ndiye aliyebaki, kama desturi inavyotaka kitinda mimba abaki. Funguo za nyumba zote tatu zilining'inia kwenye msumari jikoni kwake. Jumatatu alifungua madirisha yao ili kuta zisiote ukungu. Jumamosi alifagia makaburi ya babu, baba na mama, yaliyokuwa kati ya migomba. Hakuoa. Kila alipotaka kuoa, palikuwa na nyumba ya kaka inayopauliwa, na fundi lazima asimamiwe. Baba yao alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye mlango wa hapa. Mlango hautoki kwenda kutembea."

Mwaka ule alipofika arobaini na saba, mlango ukaanza kuoza. Magdalena alifika na kirikuu, kigari chake cha mizigo, saa nne asubuhi akakuta mikungu imeivia juu, ndege wanakula, majani makavu hayajapunguzwa tangu masika. Remigius amekaa kwenye gogo na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi.

"Kaka Remigius, ndizi zote hizi zinaoza?"

"Kata tu, Mama Gladys," akamjibu Magdalena.

"Bei je?"

"Weka unachoona."

Magdalena akasimama na panga mkononi, hajui aanzie wapi. Alikata, akapakia, akalipa haki yake, na njia nzima ya kurudi mjini alikuwa akipiga hesabu ya mtu mwenye akili: huyu akianguka, mshare wa namna ile ataupata wapi?

Hapo ndipo alipomkumbuka mpangaji wake. Goodness alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu aliyepanga chumba kwenye ua wa Magdalena, mtaa wa Soweto mjini. Watu walikuja kwake wamevaa vizuri, wakakaa saa nzima, wakatoka wengine wanafuta macho, na hakuna aliyetoka na mfuko wala chupa. Magdalena alikuwa amewahi kumkabili.

"Mwanangu, hawa unawauzia nini?"

"Maswali, mama. Mimi ni kocha wa maisha."

"Kocha? Timu gani?"

"Timu ya mtu mmoja," Goodness akacheka. "Daktari anakuambia unaumwa nini. Padri anakuondolea dhambi. Shangazi anakuambia cha kufanya hata hujamuuliza. Mimi siwezi hayo. Nakuuliza unataka kufika wapi, leo uko wapi, na nini kiko mikononi mwako mwenyewe. Halafu unachagua hatua moja ya kufanya kabla ya Ijumaa. Ijumaa nakuuliza kama umeifanya."

"Na kwa hilo unalipwa?"

"Mama, mara ya mwisho mtu kukuuliza unataka nini, na yeye hataki kitu kwako, ilikuwa lini?"

Magdalena alifikiri. Aliowakumbuka wote walikuwa wateja. Akasema maharage yanaungua, akaondoka.

Sasa akarudi kwa biashara. Goodness alikuwa anaitamani veranda ya mbele, yenye kivuli na mlango wake wa barabarani. Magdalena akampa miezi mitatu bure kwa vikao kumi vya Remigius. Goodness akasema vinne. Wakasukumana mpaka sita.

"Lakini nina masharti," Goodness akasema. "Aje kwa hiari yake. Atakayoniambia hutayasikia kwangu. Na nitafuata anachotaka yeye, siyo unachotaka wewe. Hata kikiwa siyo ndizi."

"Mchagga gani hataki ndizi?" Magdalena akasema, akampa mkono. Katika maisha yake hakuwahi kusaini jambo bila kulisoma, ila siku hiyo.

Remigius alikuja kwa sababu aliahidiwa chai na kiti cha kuegemea. Ijumaa jioni Magdalena alimrudisha Kibosho kwa kirikuu, na humo garini ndimo alimosikia habari, maana Goodness hakufungua kinywa.

"Ameniuliza nataka nini," Remigius akasema. "Nikamwambia kupaua ghala. Akasema hilo ni la ghala, wewe je? Nikakaa mpaka chai ikapoa."

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwa na jibu, Mama Gladys. Mtu mzima mzima. Nilitafuta ndani humu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani."

Ijumaa ya pili alikuwa nalo. Alipokuwa na miaka ishirini na moja alilima vitunguu Kahe, kule tambarare, misimu miwili, shamba la kukodi kando ya mfereji, kabla baba hajamwita apande juu. "Kule ukiinua kichwa unauona mlima wote, kutoka chini mpaka theluji. Sisi tunakaa juu yake na hatuuoni, tunaona migomba. Nataka kurudi Kahe. Ndiyo hilo tu."

Magdalena akabadilisha gia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua, na hatua zenyewe zilikuwa ndogo hata aibu kuzisimulia. Wiki moja bila mbege. Wiki ya pili ashuke Kahe, aangalie tu, asiulize. Wiki ya tatu aulize. Akampata bibi mmoja mwenye ekari kando ya maji, aliyekubali kumngojea mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Kisha akamtafuta Dominika, mjane wa binamu yao, mwanamke hodari aliyekuwa anabanana chumba kimoja na watoto. Dominika alikubali kuhamia kihambani, atunze migomba, afagie makaburi, afungue madirisha ya Jumatatu. Kikao cha tano walifanya mazoezi ya kusema na kaka zake, Goodness akiigiza kaka mkubwa, Martin, anayekatiza maneno. Remigius alijifunza kusubiri, kisha kuendelea pale alipokatizwa.

Wiki mbili kabla ya Krismasi Magdalena alipanda Kibosho akakuta kihamba kimepunguzwa majani, samadi imewekwa, na mwenye nyumba amesimama na panga begani kama siku ya kwanza.

"Nyongeza je?" akamchokoza.

"Mwambie kocha wako akuongezee swali."

Magdalena alicheka kwa sauti, lakini moyoni aliingiwa na hofu. Mtu alikuwa amepona, na aliyepona alikuwa anaondoka. Dominika alikuwa na dada yake mchuuzi palepale Mbuyuni, na mshare ule, Kahe ikishamchukua Remigius, ungekwenda kwa huyo dada. Akamvaa Goodness jioni ile.

"Nilikupa mkulima wa ndizi umtengeneze, umenitengenezea mkulima wa vitunguu!"

"Tulikubaliana, mama."

"Mwambie basi angojee mwaka mwingine."

"Hilo siyo langu kumwambia. Wala siyo lako."

Magdalena alikuwa na namba ya Martin, aliyewahi kumwagizia ndizi za harusi ya bintiye. Alijiambia hasemi uongo, na kweli hakusema. Akampigia, akamsalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Shemeji, huko nyumbani mdogo wenu ana mipango ya kuhama. Nimeona nyie wenyewe mjue kabla, msije mkashtukizwa." Martin akamshukuru sana. "Aika mae," akasema, "aika sana." Simu yenyewe ilikuwa fupi kuliko kubishania mkungu mmoja.

Siku mbili baada ya Krismasi, mbuzi akiwa bado anachunwa, Remigius alikusanya kaka zake kwenye baraza ya nyumba ya Martin kusema yake. Hakupata hata kufungua kinywa. Martin alikuwa amesimama tayari, na pembeni yake amemkalisha baba yao mdogo, mzee wa miaka themanini na mitano, aliyeletwa kwa gari ili ayarudie maneno ya marehemu kuhusu mlango.

"Tumesikia unataka kwenda," Martin akasema. "Hatukufungi kamba. Nenda. Ila ukitoka umetoka, kihamba kinarudi kwetu. Na kaburi lako ulitafute hukohuko Kahe, hapa kwa baba hulali."

Mazoezi yote ya kusubiri na kuendelea yalimtoka. Alikuwa amejiandaa kwa mtu anayekatiza. Hakujiandaa kwa mtu aliyekwisha kujua. Akaomba wampe mpaka asubuhi. Asubuhi akafagia makaburi matatu, akaiangalia nafasi iliyobaki kati ya mama na ukingo wa mfereji, ambayo tangu utotoni alijua ni yake, akarudi akawaambia anabaki. Walimpongeza. Walimpa koti. Tarehe tatu Januari waliondoka mmoja mmoja, na kila mmoja aliposhusha kioo cha gari alimkabidhi ufunguo.

Alikuja kwenye kikao cha sita kwa sababu alikuwa ameahidi. Garini, wakirudi, aliangalia nje ya dirisha mpaka Magdalena akashindwa kuvumilia.

"Sema basi, kaka yangu."

"Zamani nilikuwa nimefungwa," Remigius akasema. "Baba kanifunga, Martin kanifunga, nakunywa, nalala. Sasa najua ninachokitaka, najua kiko wapi, na nimekikataa kwa mdomo wangu. Goodness anasema niliyechagua naweza kuchagua tena. Ni kweli. Ndilo linaloniua. Sina wa kumlaumu, Mama Gladys."

Magdalena alishika usukani kwa mikono miwili. Barabara ilikuwa imenyooka.

Wiki mbili baadaye Goodness alimwita Magdalena verandani. Akasema ukocha ni kazi ya kufanya na mtu mwenye nguvu ya kutembea, naye Remigius hana tena nguvu hiyo. Amemsihi amwone daktari wa magonjwa ya akili, amempa jina na siku, ameahidi hata kumsindikiza. Remigius ameshukuru, lakini hakwenda. "Wewe anakusikiliza. Msisitizie." Halafu akauliza, taratibu, kama alivyouliza watu wote, "Mama, kaka zake walijuaje?"

"Migomba ina masikio," Magdalena akasema.

Goodness akakusanya vikombe vya chai. Hakuuliza swali jingine. Mwezi ulipokwisha, na veranda ikiwa bado haijamaliza miezi yake mitatu, alihamisha viti vyake akapanga upande wa pili wa mji.

Bibi wa Kahe alimpa ekari mtu mwingine. Habari za daktari Magdalena alizisema mara mbili. Remigius alijibu "nitakwenda" mara zote mbili, kwa sauti ileile ya kumjibu mtu hodi.

Mbege hajairudia. Kihamba chake ni safi kuliko vyote vya upande ule, na mshare wake unanunuliwa kabla haujashuka garini. Machi, mvua zilipoanza, Magdalena alifika akakuta mikungu imekatwa na kupangwa kwenye majani. Akataja bei ya kutukana, nusu ya ile ya kawaida, makusudi, akasubiri.

"Sawa," Remigius akasema.

"Umenisikia lakini? Nusu."

"Nimesikia, Mama Gladys."

"Bishana basi, mwanaume!"

Remigius akamtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Magdalena akamlipa bei kamili, naye akaiweka mfukoni bila kuiangalia. Walipopakia, mikungu ilikuwa kumi na mitatu.

"Na huu?"

"Nyongeza."

Ulikuwa mkubwa kuliko yote. Magdalena akaushusha. Remigius akaupakia tena, akaenda kufungua madirisha ya kaka zake, maana ilikuwa Jumatatu.

Kila baada ya wiki mbili sasa ni hivyo hivyo. Sokoni Mbuyuni wenzake wanamsifu kwamba mwaka huu mkono wake ni mwepesi wa kuuza. Mkungu wa nyongeza huutoa wa kwanza kabisa, kabla hajakunjua hata turubai, na anayeutaka humpa kwa bei yoyote atakayoitaja.