Midomo Bila Sauti

Upuuzi wenyewe ni huu: nilikuwaga nachezesha midomo mbele ya kaka yangu bila kutoa sauti, ili adhani ameshakuwa kiziwi.

Kaka alikuwa na kifua kikuu sugu, kile kinachodharau vidonge vya kawaida. Kila asubuhi alienda kuchomwa sindano hapa Bunda, miezi na miezi, mpaka makalio yakawa magumu kama kiazi kibichi. Nesi alimwonya kwamba sindano hiyo inaua wadudu wa kifua na inaweza kuua masikio pia. Akiona watu wanaongea kama wananong'ona, aseme siku hiyo hiyo abadilishiwe dawa. Kaka alikuwa anaendesha bodaboda, njia ya Butiama. Siku aliyoonywa alirudi ameshika masikio kama mtu aliyebeba mayai.

Mimi nikaona nimeletewa zawadi.

Tukiwa tunakula ugali kwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, nikachezesha midomo: nipe furu mmoja. Tonge la kaka likabaki hewani. "Umesemaje?" Nikarudia, kimya. Uso ukamshuka. Mdogo wetu wa kike alicheka mpaka akapaliwa na ugali. Mama alinichapa ndala, lakini ilikuwa tamu, kwa hiyo nikaendelea, mpaka kaka akazoea na kuacha kushtuka.

Halafu jioni moja nikamwita aje kula. Nilitumia sauti, tena kubwa. Akatazama midomo yangu, akasonya. "Dogo, huo mchezo wako umechacha." Nikajua amenigeuzia kibao, nikamvulia kofia. Tukaenda hivyo wiki kadhaa, kila mmoja akidhani mwenzake anatania. Hata mama alipomwita kaka asiitikiwe, alijua ni utani wetu tena.

Nesi ndiye aliyeshtuka. Alimwita kwa nyuma, akagonga trei ya chuma, kaka hakugeuka. Alipomsogelea sikioni kumuuliza imeanza lini, kaka akacheka. "Si masikio, sista. Ni dogo, ananifanyiaga utani."

Sindano ikasimamishwa. Mama akampeleka Musoma kupimwa, na daktari akamwambia kilichopotea hakirudi. Leo kifua kimepona, kaka anapumua kama fahali. Pikipiki anaendesha mtu mwingine, maana kaka honi ya lori haisikii.

Jioni waliyorudi kutoka Musoma nilijificha jikoni. Mama akanikuta. Nikainua mikono kujikinga, lakini hakunipiga. Alipakua sahani ya kaka, akanishikisha.

"Wewe ndiye uliyemzoesha kutazama midomo. Nenda ukakae mbele yake, umwambie chakula tayari."