Nani Anakwenda Nyumbani

Nani alikuwa anakwenda nyumbani, baba yangu au daktari? Swali hilo nilitoka nalo katika hospitali moja ya Tororo, nikapanda nalo basi, na tulipofika kwetu Buteba bado lilikuwa limenikaa mdomoni.

Koo la baba lilikuwa limeziba. Kwanza aliacha nyama, kisha ugali, kisha ndizi za kupondwa. Nilipofika likizo kutoka chuo kikuu, alikuwa akinywa uji mwepesi tu, kichwa amekiinua kama kuku anywaye maji. Daktari, Mzungu mrefu mwenye mikono safi mno, alimpapasa shingo, akaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mzee, hii mbaya. Dawa hapa hapana. Nakwenda nyumbani." Akamshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akapita kwa mgonjwa wa kitanda cha pili na kuvuta pazia.

Ndani ya basi baba alichangamka. "Umesikia, mama? Anakwenda kwao. Kule dawa ipo. Akirudi atakuja nayo."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Baba, amesema wewe ndiye uende nyumbani."

"Amesema nakwenda. Nakwenda ni mimi. Huko Kampala bado hamjafika kwenye nafsi ya kwanza?"

Baba alizaliwa ng'ambo, upande wa Kenya, na ujanani alifanya kazi bandarini Mombasa. Alirudi na Kiswahili alichokitunza kama suti ya harusi. Kiswahili chetu cha mpakani kilimchekesha. Sokoni Busia mtu husema nakwenda akimaanisha mimi, wewe, yule, hata ng'ombe, na baba alikuwa na mazoea ya kuwauliza wachuuzi, "Nakwenda nani? Msafiri hana jina?" Siku ile tu ndipo alipomsikiliza daktari wa Tororo kana kwamba wamelelewa pamoja Mombasa.

Jambo lenyewe halikuwa la sarufi. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa hai bado ng'ambo, kipofu, asiyeweza tena safari hata ya kufika barabarani. Mama alitaka tukodi gari tumpeleke baba akaonane naye. Baba alikataa.

"Nikamwonyeshe nini? Atanipa chai, nishindwe kuimeza. Kipofu anasikia mtu akimeza. Daktari akirudi, nikipona, nitakwenda."

Kama angejua kwamba hatapona, angekwenda kesho yake. Nilimfuata mama jikoni, nikamwambia tumweleze.

"Tumweleze nini?"

"Kwamba anakufa."

"Nani amesema? Daktari amesema?"

"Alimaanisha unakwenda, mama. Unakwenda nyumbani."

Mama aliendelea kupuliza moto. "Basi wewe ndiye daktari. Nenda kamwambie mume wangu anakufa kwa sababu ya u."

Chuoni nilikuwa nimesimama kwenye mdahalo nikasema kwamba kumficha mgonjwa hali yake ni kumwibia siku zake za mwisho. Walinipigia makofi. Pale jikoni sikuwa na ukweli wowote wa kumpa mtu, nilikuwa na irabu moja iliyopungua, na hata hiyo sikuwa na hakika nayo.

Nikarudi Tororo peke yangu. Malori ya machimbo ya Osukuru yalikuwa yakitimua vumbi jeupe mpaka kwenye madirisha ya wodi. Muuguzi mlangoni aliniambia daktari hayupo.

"Amekwenda wapi?"

"Nakwenda nyumbani," alinijibu.

"Nyumbani wapi? Ulaya, au kula chakula?"

"Dada, nyumbani ni nyumbani," akasema, akamwita mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu.

Nilipofika Buteba baba aliniuliza kama daktari amerudi. Nikasema bado. Hilo angalau halikuwa uongo uliothibitika. Tangu siku hiyo kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya afunge vifungo vya shati. Mikono ilipokosa nguvu, mama akawa anamfungia.

Alifariki kabla mahindi hayajatoa ndevu. Asubuhi ile aliita, "Mama," nikainama, naye akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni.

Tulimpeleka akazikwe kwao. Kwenye kizuizi cha mpakani askari alimuuliza dereva tuelekeako.

"Mzee nakwenda nyumbani," dereva akasema.

Askari akachungulia nyuma, akaliona jeneza, akavua kofia, akainua mti.

Nyanya alilipapasa jeneza mpaka upande wa kichwa. Akauliza kwa nini hakuletwa akiwa bado anaweza kusema. Wanaume walitazama kaburi, na mama akanitazama mimi.

Miaka mingi baadaye nilikutana Busia na mwanamke aliyewahi kuwa muuguzi katika wodi ile. Nikamsimulia habari za baba, nikaiga kile Kiswahili kibovu cha daktari, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Yule alikaa Tanga miaka mingi kabla ya kuja kwetu," alisema. "Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, sisi wenyewe alikuwa akitusahihisha. Ile nakwenda aliwaambia wale tu ambao hawatapona."