Bi Vigezo na Mlango wa Kutokea

Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza, Bi Vigezo alikuwa anagombana na simu. Hakuwa anagombana na mtu aliye upande wa pili, bali na simu yenyewe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nabadilisha bawaba za kile kipande cha kaunta kinachoinuliwa ili watu wapite, katika ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya makabati.

"Nimekwambia sitaki! Sitaki, sitaki, sitaki!" Halafu: "Ala! Umenirudisha tena ukurasa wa kwanza!"

Akatokea. Mama mfupi, mnene wa wastani, umri wa hamsini na kitu, miwani moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Mkono mmoja ameshika simu, mwingine ameshika saa ndogo ya jikoni ya kuchemshia mayai, yenye umbo la nyanya. Akaniangalia pale chini kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Fundi, umesoma mpaka wapi?"

Swali hilo huwa silipendi. Nikajibu nikiwa naiangalia bisibisi. "Darasa la saba, mama."

"Darasa la saba!" Akapiga kofi kwenye kaunta. "Hebu nawa mikono uje huku. Nakutafuta tangu mwezi wa tatu."

Kazi yake niliielewa kidogo kidogo. Kuna kampuni zinauza vitu kwenye mtandao. Zinakwambia jaribu bure, siku saba, hulipi kitu. Unagusa mara moja, unagusa mara ya pili, umejiunga. Baada ya hapo salio lako linamegwa kila wiki au kila mwezi, na wewe hujui panya anaingilia wapi. Serikali ilikuwa imetoa kanuni: kutoka kuwe rahisi kama kuingia, na habari za makato ziandikwe mahali ambapo mtu wa kawaida ataziona. Kazi ya Bi Vigezo ilikuwa kujiunga na kila kitu, kisha kujaribu kujiondoa, huku akijipima kwa ile saa ya mayai na kuandika kila hatua kwenye daftari.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameizoea mno kazi yake. Miaka sita ya kutafuta vitufe vilivyofichwa ilimfanya avijue kama mama anavyojua mahali watoto wanapoficha sukari. Mara mbili alizifikisha kampuni mbele ya baraza linaloamua kesi za wanunuzi, na mara mbili mawakili walifungua daftari lake mwenyewe na kusoma kwa sauti: "Ofisa ametoka kwa sekunde hamsini na mbili." Basi, nini kimefichwa? Kesi zote mbili zikaanguka. Alihitaji mtu wa kawaida, na pale ofisini kila mtu alijiona si wa kawaida.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la picha za maua zinazotumwa kila asubuhi. Kujiunga kulinichukua muda wa kupiga chafya. Kujiondoa, dakika arobaini na moja. Nilifika mahali pakatokea picha ya paka anayelia, na maandishi: "Kweli unatuacha?" Chini yake kitufe kikubwa cha kijani: "Hapana, nabaki." Kulikuwa na kingine cha kijivu, chembamba kama unyuzi, ambacho sikukiona. Nikabonyeza cha kijani. Akaja tena yule paka. Nikabonyeza tena.

"Fundi, mbona unabaki?" akaniuliza.

"Mama, mtu akikuuliza kama unamwacha, na mnyama analia, utasemaje?"

Alicheka mpaka akavua miwani zote mbili. Akaandika kwenye daftari huku akitamka kwa sauti: "Shahidi amemhurumia paka. Mara tatu."

Jina la Bi Vigezo walimpa wenzake, kwa sababu ya yale maneno yanayosomwa haraka haraka mwishoni mwa tangazo la redio, vigezo na masharti kuzingatiwa. Yeye alikuwa anayazingatia kweli. Muuza duka wa ghorofa ya chini akimwambia "Mama, ukinunua mbili unapata soda ya bure," alikuwa anaweka pochi mezani na kuuliza, "Bure mpaka lini? Na nikiikataa, narudishiwa nini?" Foleni nyuma inanung'unika. Yeye hata hageuki.

Alinipa kazi nyumbani kwake pia, kabati la chumbani lililokuwa limeinama. Mume wake ni dereva mstaafu, mtu mpole, mrefu, anayeongea kama anaomba samahani. Bi Vigezo alipotoka kwenda dukani, mzee alinisogelea huku anaangalia mlango.

"Fundi, nasikia unajua kutoa vitu kwenye simu."

"Vitu gani, mzee?"

"Nyota. Wananitumia nyota yangu kila siku. Mwaka wa pili huu. Nilibonyeza tu kuona." Akanipa simu kama mtu anayekabidhi bangi. "Lakini mama asijue. Mke wangu ndiye serikali yenyewe, unaelewa aibu yake?"

Tulikaa kitandani wawili, vichwa vimegusana, tunatafuta mlango wa kutokea. Hatukusikia viatu. Bi Vigezo alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa sabuni.

"Mzee," akasema, "nyota yako ya leo inasemaje?"

Mume wake akasoma, maana hakuwa na namna. "Inasema niwe mvumilivu nyumbani."

"Basi hiyo moja ni ya kweli."

Hakumgombeza. Alimtoa kwa nusu dakika, kisha akakaa pale pembeni yake, mfuko bado mkononi. Alipokuwa ananisindikiza aliniambia kwamba hao watu hawaishi kwa werevu wao, wanaishi kwa aibu ya watu wengine. "Miaka miwili, fundi. Analala na mimi kitanda kimoja. Sasa fikiria wale ambao hawana wa kumwambia."

Ndipo ikaja kampuni ya mafuta ya magoti. Kichupa cha kwanza bure, unalipia usafiri tu. Baada ya hapo makato kila mwezi, mafuta yaje yasije. Waliolalamika wengi walikuwa wazee, watu wa pensheni. Mkuu wa ofisi alimwita Bi Vigezo na kumwambia bila kuzunguka: kesi mbili zimeanguka, hii ya tatu ikianguka dawati lake linafungwa, na ile miezi tisa iliyobaki kabla ya kustaafu ataimalizia kwenye stoo ya mizani mibovu iliyokamatwa madukani. Malalamiko ya wale wazee yangefungwa pamoja na dawati. Aliponieleza hayo hakutania hata kidogo, nami nikajua kwamba limemwingia.

"Fundi, utakuja barazani?"

Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Hata kwenye harusi yangu aliyesema neno la shukrani ni kaka yangu. Lakini nilikuwa nimeshapimwa kwenye yale mafuta, saa moja na dakika tisa bila kutoka, na daftari lilikuwa na jina langu. Nikamwambia nitakuja.

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu, feni moja inayolia na wazee watatu, mwenyekiti akiwa mama mmoja jaji mstaafu. Wakili wa kampuni alikuwa kijana msafi mwenye tai nyembamba. Alisimama akiwa anatabasamu.

"Mheshimiwa, kwa nini tusome daftari? Simu ipo, shahidi yupo. Ajiondoe hapa hapa, sote tuone."

Nilimwangalia Bi Vigezo. Alifungua ukurasa ule kwenye simu yake haraka, akafumba macho. Usiku uliopita walikuwa wameubadilisha. Juu kabisa palikuwa na kitufe chekundu, kikubwa kama kisoda: JIONDOE.

Nikapewa simu. Nikabonyeza pale pekundu. Ikatokea alama ya kijani ya tiki, na neno "Asante!"

"Sekunde tisa," wakili akasema. Mtu nyuma akacheka. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akaanza kukusanya makaratasi yake.

Mimi nilikuwa bado nasoma. Huwa nasoma polepole, kwa kidole, maana hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sijui kusoma nusu. Chini ya ile asante palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Nikaanza kuyatamka.

"Ombi lako... la kujiondoa... limepokelewa. Ili likamilike..."

"Inatosha, fundi, ahsante sana," wakili akasema, mkono ameshanyoosha kuchukua simu.

"Sijafika kwenye nukta," nikasema. Kweli sikuwa nimefika.

Mwenyekiti akainua kalamu. "Mwache afike kwenye nukta."

"Ili likamilike, piga namba ifuatayo, siku za kazi, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi. Usipopiga ndani ya siku tatu... utahesabiwa kuwa... umeamua kubaki." Nikanyanyua kichwa. "Nukta."

Feni ikalia. Mwenyekiti akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Tuna bahati," akasema. "Fundi, piga. Weka sauti kubwa."

Nikapiga. Ukaanza muziki wa kinanda, na sauti tamu ya dada mmoja: "Simu yako ni muhimu sana kwetu." Muziki. "Simu yako ni muhimu sana kwetu." Mwenyekiti akasema tusubiri. Tukasubiri. Mmoja wa wazee alianza kugonga meza kwa kidole akifuata mdundo, mwenzake akamkanyaga mguu. Wakili alisimama, akakaa, akasimama, akaomba kusema, akaambiwa mteja wake anaongea kwanza. Bi Vigezo aliweka ile nyanya yake mezani na ikawa inahesabu, tik tik tik. Nadhani watu wote mle ndani waliujua ule wimbo kwa moyo ilipofika saa nne na nusu kamili, yule dada akasema: "Muda wa huduma umekwisha. Tafadhali piga tena kesho." Ikakatika.

"Wakili," mwenyekiti akauliza, "una swali lolote kwa shahidi?"

"Sina, Mheshimiwa."

Nje, kwenye ngazi, Bi Vigezo alinishika mabega akanitikisa kama mwembe usiotaka kuangusha. "Sijafika kwenye nukta! Nani kakufundisha?" Nikamwambia ni mwalimu wa darasa la pili, na alikuwa na fimbo. Mkuu wa ofisi alitupita akampa mkono.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Kampuni irudishe makato yote, na kitufe cha kutoka kikae pale pale kilipo cha kuingia, kwa ukubwa ule ule, bila simu wala muziki. Dawati likabaki. Watu mia sita na zaidi walikuwa na haki ya kurudishiwa, ila kila mmoja alitakiwa kukubali kwanza. Kampuni ikajitolea kuwaandikia barua. Bi Vigezo akasema barua za hao watu anazijua, akachukua orodha na kuanza kuwapigia mwenyewe, mmoja mmoja.

Hapo ndipo alipopata kazi kweli. Hakuna aliyemwamini.

"Halo, shikamoo mama. Napiga kutoka ofisi ya serikali, kuna pesa zako zinarudi..."

"Marahaba. Na mimi ni malkia. Endelea, mwanangu, nasikiliza uongo wako."

"Mama, sihitaji namba yako ya siri."

"Ndivyo mnavyoanza!"

Mzee mmoja alimwambia atafute mume. Mwingine alimwombea kwa dakika nzima ili aache wizi. Yeye alicheka, akaweka alama kwenye orodha, akapiga tena kesho yake, na kesho kutwa. Alisema wana haki ya kutomwamini, mtu aliyeungua haulizwi kwa nini anapuliza. Aliwakaribisha waje ofisini wamwone kwa macho. Wengine walikuja, wakaegemea kaunta, wakamkagua juu mpaka chini, ndipo wakasaini.

Miezi saba alipiga simu. Alifariki ghafla, Jumapili asubuhi, akiwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Mume wake ndiye aliyenipigia. Kwenye orodha walikuwa wamebaki kumi na wanne, na wenzake ofisini wakawamaliza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Alhamisi kabla ya hapo. Nilikuwa juu ya ngazi chumbani kwake pale ofisini, napigilia rafu mpya ya majalada, naye yuko mezani na mkono wa simu sikioni, anaeleza kwa mara ya nne kwa mtu yule yule. Ghafla akaziba mkono wa simu kwa kiganja, akainua macho kwangu, akasema kwa kunong'ona:

"Fundi, hebu acha kugonga kidogo, huyu anaanza kuniamini."