Wino wa Barua ya Posa ya Venant

Chupa tatu za wino mweusi zilikuwa zimefungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kitenge cha Gaudensia. Hata Venant, mwanawe wa mwisho, hakuruhusiwa kuzigusa, ingawa barua iliyokuwa ikitafutiwa wino ilikuwa yake: barua ya posa, ya kwenda Litapunga kwa Mzee Ngusa, mfugaji wa Kisukuma, baba yake Kabula.

"Mama, si uandike kwa biro tu," Venant alisema. "Biro haifutiki, na madukani zimejaa."

"Kwa biro watu huandika orodha ya sokoni. Baba yako alikuwa karani wa mahakama. Nyumba hii haijawahi kuposa kwa biro."

"Na ile barua ya kaka Silvesta?"

Gaudensia alimtazama mpaka Venant akainamisha macho.

Ile ya Silvesta haikutajwa mle ndani. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Marehemu mume wake, Salvatori, aliiandika kwa kalamu yake ya kujaza wino, ile yenye nibu ya rangi ya dhahabu, mwandiko mzuri kuliko wa afisa yeyote wa Mpanda. Mpeleka barua alinyeshewa njia nzima ya Karema. Wajomba wa binti walipoifungua mbele ya wazee, hapakuwa na neno hata moja, ila madoa ya zambarau yenye kingo. Mmoja akaiinua na kuuliza, "Hii ni posa, au wametuchorea ziwa?" Binti akaolewa kwingine. Kwa miaka mingi, Gaudensia akipita sokoni, alisikia nyuma yake: hao ndio watu wa barua ya ziwa.

Sasa ilikuwa Januari ya tisini na sita, mvua zilikuwa zimekaza, na barua ilitakiwa ifike Litapunga siku ya Jumanne. Siku hiyo wajomba wa Kabula wangefika kutoka Ugalla, na ilisemekana kuna mtu mwingine naye ameandika. Mshenga wa kuipeleka alikuwa bado hajapatikana, maana kila aliyetajwa Gaudensia alimwona ana kasoro. Huyu mlevi, yule mdomo wazi, yule mwingine alikuwepo Karema siku ile na alicheka.

Alizijaribu chupa zake kama alivyokuwa akisahihisha mitihani enzi za ualimu wake. Alichora mstari wa kila wino, akauacha ukauke siku nzima, kisha akaweka karatasi chini ya mchirizi wa bati. Chupa ya kwanza ilikuwa masalia ya marehemu. Ilitoa zambarau ile ile, naye akaifunga upesi kana kwamba imemtukana. Ya pili aliiuza Abednego, mwenye duka karibu na stesheni, akiapa kwamba hata serikali inaandikia huo. Mstari wake ulikwisha kabla mvua haijakatika. Gaudensia aliamini kabisa kwamba Abednego alikuwa ameuongezea maji. Ya tatu pia ilitoka kwa Abednego, nyuma ya duka, akidai iliachwa na wapima ardhi. Mstari wake haukutikisika. Aliusugua kwa kidole, akausugua kwa sabuni. Ulibaki mweusi vilevile.

Jumamosi akaja Josephat Lyamba, binamu wa marehemu. Josephat alikuwa amechora ramani za viwanja kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu, na Gaudensia hakumwamini tangu Oktoba, alipoleta picha ya Mariana, mpwa wa mke wake aliyefikia umri wa kuolewa, akaiacha mezani bila maelezo.

"Karibu, shemeji."

"Nimeshakaribia. Nasikia humu ndani mmefungua maabara."

Aliinua chupa ya tatu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. "Huu ni wa ramani. Mzuri sana. Ila usiutie kwenye kalamu ya marehemu, shemeji. Una gundi. Utakaukia ndani, kalamu ife."

"Na huu wa pili?"

"Huo hauna shida na kalamu. Utapita kama maji."

"Kama maji," Gaudensia alirudia taratibu. Picha ya Mariana bado ilikuwa kwenye droo. Kumbe mtu anaweza kukaa kwenye kiti chako, anywe chai yako, na kukushauri uandike barua itakayofutika njiani.

Jumapili, baada ya misa, aliijaza kalamu wino wa ramani. Mistari minne ya kwanza ilitoka myeusi na mizuri: salamu, jina la ukoo, kazi ya marehemu. Alipofika kwenye ombi lenyewe alisita, akitafuta namna ya kumtaja binti bila kuonekana ana haraka. Aliposhusha kalamu tena, ilikwaruza karatasi tupu. Aliitikisa. Aliichovya kwenye maji ya moto. Haikutoa hata tone.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Josephat ametia kitu kwenye chupa. Si aliishika? Si aliiinua dirishani? Lakini kifuniko hakikufunguliwa, na yeye mwenyewe hakuwa ametoka pale mezani. Alitafuta mahali pa kumlaumu, akakosa, na hilo lilimuudhi kuliko kalamu.

Jumatatu asubuhi alimwendea, kalamu ikiwa ndani ya leso.

Josephat hakusema "nilikuambia". Aliifungua vipande vipande, akavilaza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni. "Vikae wiki nzima. Labda itafufuka, labda ndiyo basi."

"Barua inatakiwa kesho."

Akaingia ndani, akatoka na mpini wa mti wenye nibu ya chuma. "Wino ule unataka hii. Unachovya, unaandika, unaifuta nibu. Hauachwi ulale ndani ya kitu."

Gaudensia aliijua. Kwa masista wa Karema, alikosomea, kila dawati lilikuwa na tundu la kidau cha wino, na mkono wake haukuwa umesahau. Aliandika barua nzima pale pale, akiwa ameizungushia mkono wa kushoto ili Josephat asisome. Ilipokauka aliomba maji, akadondosha matone matatu juu ya jina la ukoo. Halikusogea.

"Umeridhika," Josephat aliuliza, "au tuipeleke mtoni?"

"Na Mariana?"

"Mariana ana mchumba Sumbawanga tangu Krismasi. Hukuuliza."

Gaudensia alikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Kisha akamkabidhi. "Utaipeleka wewe."

"Nitaifunga kwenye mfuko wa nailoni, shemeji. Siku hizi ipo."

"Nailoni hutoboka."

Josephat alirudi Alhamisi, matope mpaka magotini, baiskeli ikilia. Alikunywa maji kwanza, huku Gaudensia na Venant wakisubiri.

"Mjomba mmoja aliwahi kuisikia ile habari ya ziwa," alisema. "Hakuisoma. Aliitoa nje kwenye mvua, akaishika hewani kama anaanika nguo, wote wakitazama. Akairudisha ndani, akamwonyesha Ngusa. Ngusa akasema, wino wa watu hawa umekaa, someni."

Alitoa jibu, ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. *Barua yenu tumeipokea ikiwa safi. Njooni tuongee.*

Gaudensia alilowesha kidole kwenye glasi ya Josephat, akasugua neno *Njooni*, mara moja, mara mbili.

"Mama, hiyo ni biro," Venant alisema.

"Naiona," alijibu, akiikunja karatasi kama ilivyokuwa. "Nendeni mkanitafutie kuku watatu wa maana."