Jembe Halikubebwa Begani

Harufu ya majani ya mikaratusi hunikata pumzi mpaka leo, hata kama ni jirani tu anayemchemshia mtoto wake mwenye mafua.

Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa ya mtaa wa Nyamianda, pale mji unapokwisha. Nyuma yake ulipanda msitu wa mikaratusi wa Leta, yaani wa serikali, na Baba alikuwa mlinzi wake. Kila kiangazi aliita watu wa mtaa kwenye salongo, kazi ya pamoja, wakalima ukanda mpana kati ya msitu na nyasi za mlima, ili moto ukifika ukose cha kula. Vita vilipoingia, Baba akatoweka. Mama alituambia amevuka mpaka kwenda Burundi, na askari walipotuuliza tukajibu hivyo hivyo. Salongo ikafa. Nani asimame peupe aonekane na wenye bunduki?

Mama alikwenda. Jembe hakulibeba begani, maana kwa mbali jembe begani ni bunduki. Alilikokota chini kama mbuzi mkaidi. Mimi na dada yangu tuling'oa nyasi kwa mikono, kifudifudi, vumbi mdomoni. Nikamwomba:

"Mama, turudi! Miti iko ya Leta, si yetu!"

"Weye, ng'oa tu. Moto haiulizake miti ni ya nani."

Nilimchukia, niwaambieni ukweli. Nilidhani anapenda miti kuliko sisi.

Mchana mmoja risasi zikalia kule juu, nyasi zikashika moto. Ulishuka ukinguruma. Majirani walikimbilia chini ziwani, lakini Mama alipanda hadi ukingoni mwa ukanda, mikono kichwani, "Mungu wangu, Mungu wangu," na hakuutazama moto, aliutazama msitu. Nikamng'ang'ania kitenge nikilia. Moto ukafika kwenye udongo wetu, ukahangaika huku na huku, ukafa.

Ndipo mtu akakohoa ndani ya msitu. Akatoka, ndevu zimemjaa, amejifunika blanketi la kitandani kwa Mama. Alikuwa Baba.

Nilinuna siku nyingi kwa sababu tulidanganywa. Sasa nina watoto wangu, ndipo naelewa. Askari walipotuuliza Baba yuko wapi, tulijibu bila hata kupepesa macho. Woga wa kujua aliubeba Mama peke yake, sisi akatuachia nyasi.