Kahawa ya Kwingineko

Wiki iliyopita mwanangu alikuwa mezani hapa kwangu, mtaa wa Soweto mjini, anakariri masomo kwa sauti. "Kahawa hulimwa Brazili, Vietinamu, Kolombia na Ethiopia. Nchini kwetu hulimwa Kilimanjaro, Kagera na kwingineko." Nikaacha kumenya ndizi. Kwingineko! Mimi nimezaliwa Rungwe, ndugu yangu, nimekulia katikati ya mibuni, na miaka yote hii bado tunaitwa kwingineko. Hasira haijashuka, simu ikaita. Mjomba. Akaniambia Jumamosi wanaing'oa kahawa ya bibi, wanapanda parachichi. Nilikata simu bila kuaga, na unanijua, mimi si mtu wa namna hiyo.

Hebu nikwambie kahawa ile ilikuwa nini kwetu. Shamba la bibi lilianzia nyuma ya nyumba, mibuni imechanganyika na migomba, kwenye mteremko ambao ukiteleza unaokotwa mtoni. Msimu ukifika tuliingia shambani na ukungu, tumevaa masweta yaliyotoboka viwiko. Unachuma iliyoiva tu. Ukichanganya na mbichi, bibi anakumwagia kikapu chini, unachambua upya huku wenzako wanakucheka. Tunda bivu tulilifyonza, maana lina utamu wake, kisha punje tunairudisha kikapuni kimyakimya. Mchana tuliletewa ndizi na maharage ya moto, sufuria imefungwa kitenge, tunakula tumesimama. Jioni ni zamu ya mashine ya kumenyea, ile ya kuzungusha kwa mkono, inalia mpaka ng'ambo ya mto. Na ile harufu ya chachu ya kahawa iliyolowekwa, wee! Ilikaa kwenye nywele hata ukiwa darasani.

Huko darasani mwalimu wa jiografia alitukaririsha hiyohiyo Brazili na Kolombia. Matawi ya mibuni ya shule yalikuwa yanagusa dirisha. Siku moja binti wa jirani akanyoosha kidole nje, akauliza, "Mwalimu, na hii je?" Mwalimu akachungulia, akasema hiyo haiji kwenye mtihani. Tukaendelea.

Lakini nisichokisahau ni mvua. Mvua ya Rungwe haipigi hodi. Kahawa imeanikwa kwenye vichanja, ikilowa inaota ukungu, na jasho la msimu mzima limekwenda na maji. Kwa hiyo hapakuwa na kitu kilichotangulia kahawa, hata kanisani. Mchungaji yuko katikati ya mahubiri, matone yakianza kugonga bati, kina mama wote wanainuka kwa pamoja, wanakaza vitenge, wanatoka mbio. Mchungaji hakukasirika. Alifunga Biblia, akasema, "Nendeni, Bwana anawaona," naye akatoka, maana alikuwa na kichanja chake. Sisi watoto tuliteremka mlima tunapiga vigelegele. Aliyefika kwanza alifunika kahawa aliyoikuta, awe ni jirani, awe ni mtu mliyenuniana naye tangu Pasaka. "Mvua haina shemeji," bibi alikuwa anasema. Mimi niliamini hakuna watu duniani wanaopendana kama sisi.

Basi hayo ndiyo niliyoyabeba Jumamosi kwenda kijijini, na maneno ya kumwambia mjomba nilikuwa nimeshayapanga kichwani. Nikakuta vijana wameshaanza upande wa juu, mibuni imelala chini, mizizi nje. Nikafoka. Nikamwambia mjomba hana aibu, parachichi limekuja juzi tu na kila mtu kashikwa na wazimu, na mwenye shamba bado yuko hai! Mjomba akaelekeza kidevu kibarazani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika blanketi, anatazama kazi. Nikapiga magoti nikamsalimu, kisha nikaanza kuililia kahawa yake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Ndaga kwetu ni asante, na ni pole pia. "Ila ni mimi niliyewaambia waing'oe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe unakumbuka kukimbia kwenye mvua. Mlikuwa watoto, mnacheka. Mimi nilikuwa nyuma yenu, nakimbia nalia. Kila mwaka nilimwomba Mungu, siku moja tu, mvua inyeshe mimi nimekaa."

Nilitaka kumbishia, ndugu yangu. Nilitaka kumwambia kanisa lilivyokuwa likiinuka kwa pamoja, jirani akifunika ya jirani, na kwamba siku hizi kila mtu ana ukuta na mbwa. Yeye akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya mjini.

"Sasa usikae hapo bure. Kawasaidie. Huo wa pembeni mizizi yake migumu, niliupanda nikiwa msichana."

Nikavua viatu, nikachukua jembe. Mbuni ule ulitusumbua watu watatu, nami nilichimba huku nasaga meno, sijui namchimbia nani. Ulipolala, nikageuka nimwonyeshe bibi. Alikuwa amesinzia palepale kibarazani, mdomo wazi, kama mtu aliyetua mzigo. Nikabaki nimesimama shimoni na hasira yangu yote, sina wa kumpa.